Kikadi cha Linus

Siku ile mjinga alikuwa Luqmani, na leo hata yeye hakatai. Ilikuwa mwaka tisini na saba. Fundi redio huyu wa stendi ya Makambako alikuwa amekwisha kutuma mshenga kwa Maua, mwenye ofisi ya kupiga chapa, na Maua alikuwa amejibu kwa adabu: "Ngojeni kompyuta yangu ipone, kichwa kitulie, ndipo niwape jibu."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kikongwe, diski yake imekufa, na diski za siku hizo haziingiliani nayo. Ndipo akaja Linus kutoka Njombe na sweta lake na kikadi cha kijani. Kikadi unakichomeka kwenye kompyuta, kisha waya mpana unatoka hapo hadi kwenye diski mpya, kama mkalimani kati ya bibi na mjukuu. Maua alicheka. Luqmani, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja, akaona kicheko hicho kimezidi.

"Mtani," Luqmani alimchokoza Linus, "kwenu si viazi na baridi tu? Kompyuta umeijulia wapi?"

"Kwenye baridi mashine haziungui, kaka." Linus akaenda kunywa chai, kazi imebaki kuwasha tu.

Maua alipotoka kumsikiliza mteja mlangoni, Luqmani akainama. Ukingo mwekundu wa waya mpana ulikuwa umelala jirani kabisa na plagi ya umeme ya diski. Kwenye redio hilo ni kosa: waya wa sauti ukisogea karibu na wa umeme, spika inanguruma. Nimemkamata! Akauchomoa waya kwenye diski, akaugeuza na kuuchomeka tena, akawasha, ili Maua akirudi amkute yeye ndiye shujaa.

Taa ya diski ikaganda bila kupepesa. Kioo kikabaki cheusi.

"Kadi yake mbovu," akamwambia Maua. "Mrudishe Njombe."

Linus alirudi, akachungulia. "Waya nani kaugeuza? Huku wekundu hukaa upande wa umeme." Akazima, akaurudisha ulivyokuwa, akawasha. Diski ikakoroma, herufi zikajipanga kiooni.

Maua alimtazama Luqmani, na Luqmani akapandwa na hasira.

"Na wewe unamchekea nini kutwa? Mtu mwenye mchumba anacheka hivyo na mafundi?"

"Mashine imepona, Luqmani, kwa hiyo jibu lako hili: mshenga asije. Nacheka na wateja tangu asubuhi hadi jioni. Utawageuzia wangapi waya?"