Hereni ya Pole

Tangu maduka ya Mbinga yajae redio za kila rangi kutoka nje, Hedwiga fundi redio hakukosa kazi. Lakini kazi iliyomfurahisha kuliko zote ilimpeleka Mpepai, kwenye zizi la nguruwe.

Zizi lilikuwa la masista, chini ya Sista Benadetha, na ndani yake mlikuwa na jambazi. Nguruwe jike mmoja mnene, ambaye masista walimpa jina la Diwani, alimaliza chakula chake kisha akawasukuma wenzake na kula chao. Aliyeumia zaidi alikuwa Pole, mdogo na mwoga. Watoto wake wa uzao uliopita walikufa kwa kukosa maziwa, na sasa alikuwa na mimba nyingine.

Marafiki wa masista huko Ulaya wakatuma mtambo uliokwisha kutumika: hereni za plastiki za kuvalishwa nguruwe, kisanduku cha kuzisoma, na pipa la kumwaga pumba. Nguruwe akiingia kwenye kibanda cha kulia, mlango unajifunga nyuma yake, antena inaitambua hereni yake, naye anamwagiwa fungu lake tu. Tatizo, antena ilifika vipande vipande. Barabara ya Songea haikuihurumia.

"Utaweza kutengeneza nyingine?" Sista akauliza.

"Nitajaribu mpaka ikubali, Sista."

Aliyepewa kumsaidia ni Salvatory, bwana mifugo wa kata. Hedwiga alijua waya; Salvatory alijua nguruwe anavyosimama na anavyoinamisha kichwa. Kwamba kijana huyu alikuwa akimpelekea Hedwiga redio nzima "zitengenezwe", Mbinga nzima ilijua.

Antena ya kwanza waliifunga kwenye mlango wa chuma. Kimya. Hata hereni ilipogusishwa waya, kimya.

"Chuma kinanyonya nguvu yote," Hedwiga akasema. "Tutoe hiki, tuweke mbao."

Salvatory akatengeneza fremu ya mbao, pana kama dirisha. Hedwiga akaizungushia waya wa shaba alioutoa kwenye mota iliyoungua, akabadilisha vile vipuri vidogo viitwavyo kapasita, kimoja baada ya kingine, mpaka taa ya kijani ikawaka. Pumba zikamwagika. Wakashangilia, kisha wakatazama ndani. Kibandani hamkuwa na nguruwe.

"Nani anakula?" Sista akauliza, akiegemea ubao achungulie. Pumba zikaporomoka tena, zikamjaa kwenye kilemba. Akaruka nyuma, zikakoma. Akasogea, zikamwagika.

"Sista," Hedwiga akasema polepole, "mfukoni una nini?"

Sista akatoa hereni ya njano, ile ya Pole. "Niliiokota isije ikapotea."

Salvatory akakaza uso, akasema kwa sauti ya ofisini, "Basi kwa mujibu wa mtambo, Sista, wewe ni nguruwe mwenye mimba, na chakula chako kimeongezwa."

Sista Benadetha alicheka mpaka akakalia ndoo. Hedwiga naye alishika ukuta, machozi yakimtoka.

Walipotulia, Hedwiga akaeleza kosa lake: antena ilikuwa kubwa mno, ikasikia hata nje ya kibanda. Ilitakiwa ndogo, isikie sikio lililoko horini tu. Ila nguruwe gani angekubali kutulia ipimwe?

Salvatory akavua koti, akapiga magoti, akaingiza kichwa horini huku ameshikilia hereni sikioni.

"Shusha kichwa," Hedwiga akaamuru, akiwa na koili mpya, waya uliozungushwa duara la ukubwa wa sahani. "Geuza shingo. Hapana, hereni ikikaa ubavu haisikiki. Antena ihamie upande wa sikio."

"Hedwiga," sauti ikatoka horini, "nikituma wazee kwenu Mbaha, kule ziwani, watapokelewa?"

"Usitikisike, unaniharibia kipimo!"

Taa ya kijani ikawaka.

"Ndiyo!" Hedwiga akapiga kelele.

"Ndiyo taa, au ndiyo wazee?"

"Vyote viwili! Toka humo, tumvalishe Pole hereni yake."

Pole aliingia akinyatia, huku anageuka nyuma kumtazama Diwani. Mlango ukajifunga. Pumba zikamshukia mbele ya pua. Alisita kidogo, kisha akala kwa pupa, mkia ukizunguka. Nje, Diwani aligonga mlango kwa kichwa, akakoroma, asijue la kufanya. Masista wakatoka jikoni na mikono yenye unga, wakapiga vigelegele kama kwenye harusi.

Pole alizaa wakati wa kuchuma kahawa. Watoto wote walinyonya wakashiba, wakalala wamebebana kwenye majani makavu.

Nao wazee wa Salvatory waliteremka hadi ziwani, wakafika Mbaha wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake Hedwiga aliwapokea kwa ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa waliovuliwa asubuhi ile, na kabla hawajasema neno lililowaleta, aliwaambia wale kwanza.