Maji Safi kwa Chumba cha Darrin

Mto Mwekundu ulikuwa umeshafunika uwanja wa mpira, na mtaa mzima watu walikuwa wakijaza maji vyumba vyao vya chini ya ardhi. Walipitisha mpira wa kumwagilia bustani dirishani, wakafungulia bomba, wakahama. Walirithi hayo kwa wazazi wao: udongo ukilowa husukuma ukuta kutoka nje, na maji safi ya ndani huuzuia usianguke.

Lyle, mume wa Ardis, peke yake ndiye aliyewasha pampu mbili ili chini kubaki kukavu.

Jirani yao Orrin alisimama mlangoni. "Lyle, jaza bwana! Mimi kwangu ni bwawa, nasubiri samaki tu."

"Kawasubirie huko huko."

"Ukuta utakuja ndani, ndugu yangu."

"Nimesema sijazi!"

Orrin alimtazama Ardis, akaenda zake. Alijua chini kuna nini. Kulikuwa na chumba cha Darrin, mtoto wao wa pekee, aliyekufa gari lilipoteleza kwenye barafu miaka sita iliyopita. Tangu siku ile hata shuka halikubadilishwa.

"Basi tupandishe vitu juu," Ardis alisihi. "Gitaa, nguo zake."

"Vikitoka pale vitakuwa vitu tu, Mama Darrin."

Hata Ardis kila Jumapili alishuka kunusa mto wa kulalia wa Darrin.

Kesho yake mchana ukuta wa chini ulitoa tumbo, ukapata ufa. Ardis alikimbia nje, akausukumiza mpira dirishani, akafungulia bomba. Lyle akaja akalifunga. Ardis akafungulia tena, Lyle akafunga.

"Utamloweshea kitanda!" Lyle alilia, mtu mzima, machozi yakimchuruzika.

Mara ya tatu Ardis hakulifungulia. Alimhurumia, na huruma hiyo hatajisamehe mpaka anaingia kaburini.

Ukuta ulianguka kabla ya jioni. Walipofungua mlango wa ngazi, tope jeusi lilikuwa limefika kipandio cha nne, linanuka mafuta na mizoga, na mto wa kulalia wa Darrin unazungukazunguka juu yake.

Lyle aliutazama mpaka ukazama.

"Lete ule mpira, Mama Darrin," alisema kwa upole. "Tumwekee maji safi."

Ardis akaenda kuuleta, na nyumba ilikuwa imeshaanza kulala upande.