Mlimau Uliokirimiwa

Hosiyat alikwangua gome la mlimau kwa ukucha, akakuta kahawia. Akashuka kidogo, akakwangua tena. Kahawia. Mti mzima ulikuwa umebaki mifupa mitupu, na majani yake yote yamelala kwenye zulia la chumba cha wageni. Zilibaki wiki mbili kufika Navruz, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, na mwenye mti alikuwa anarudi kesho.

"Ya Mungu, nimemuulia Musharraf mlimau wake," akasema, akakaa chini palepale.

Tena haukuwa mlimau wa kununua sokoni. Marehemu mume wa Musharraf ndiye aliyeupandikiza kwa mkono wake, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Musharraf alipoitwa na bintiye akae naye Tashkent majira ya baridi, alivuka uchochoro na mkokoteni, pipa la mti likiwa juu, akamwambia Hosiyat, "Shoga, nakuachia huyu. Mwingine sina."

Sasa kosa lenyewe ndilo hili. Hosiyat hakuwa mjinga wa miti hata kidogo. Milimau yake miwili na mkomamanga wake, yote ya kwenye mapipa, aliishusha stoo ya chini kama kila mwaka, penye ubaridi na kidirisha chake, akaipa maji kikombe kimoja kila baada ya wiki tatu, ikalala zake usingizi. Mji mzima wa Margilan hufanya hivyo. Lakini mti wa Musharraf ulikuwa mgeni! Mgeni atalazwaje stoo? Akauweka chumba cha wageni, ubavuni mwa hita, akautandikia na kizulia. Asubuhi maji ya uvuguvugu, jioni chai iliyobaki kwenye birika. Waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakuzaliwa Margilan. Huko hata siku ya tisini hushikishwa kikombe tu. Majani yalipoanza kupukutika, Hosiyat akaona mgeni ana kiu, akazidisha maji.

Mumewe, Turgun, aliingia, akautazama mti, akamtazama mkewe, akaangua kicheko.

"Mama Nodir, mgeni wako kashiba mpaka kafa!"

"Cheka tu. Kesho utamweleza wewe."

"Aelezwe ya nini? Mlimau ni mlimau. Chukua mmoja wako, tia kwenye pipa lake. Kwani una kitambulisho?"

"Astaghfirullahi, Baba Nodir! Huoni haya?"

Turgun hakuona haya. Na Hosiyat naye, saa moja baadaye, alikuwa na koleo mkononi. Woga una hila zake jamani.

Walipoung'oa mti kwenye pipa, harufu ya uozo iliwapiga usoni. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Hosiyat akaikata iliyooza yote, akapanda na kisu kwenye shina, akawa anakwangua kidogokidogo huku akisoma bismillahi. Juu kidogo ya kovu la pandikizo, kisu kikafunua rangi ya kijani.

"Roho ipo! Baba Nodir, roho ipo!"

Wakakata matawi yote, kikabaki kijiti cha shubiri moja. Wakakipanda kwenye chungu kidogo chenye mchanga mwingi, wakakificha stoo. Lakini nani angekitazama kile kijiti akaamini kuwa ni mlimau? Basi mlimau mzuri wa Hosiyat ukahamia kwenye pipa la Musharraf, ukawekwa barazani, kivulini, ili mwanga usiuchome siku ya kwanza.

Musharraf alifika kesho yake, akapita moja kwa moja barazani hata mzigo hajatua. Akaukumbatia mti, akauita kama alivyomwita marehemu mumewe.

"Baba Dilnavoz! Umenona, mzee wangu! Mwanao anakusalimu. Mjukuu ameota meno mawili, na pua ni yako, pole yake." Akashusha sauti. "Nilikukumbuka. Kule sikuwa na mtu wa kuongea naye."

Hosiyat alisimama mlangoni na sinia la mikate. Turgun alimkonyeza anyamaze. Angenyamazaje? Shoga yake wa miaka thelathini anamtolea siri za moyo wake mti usiomjua! Akalitua sinia chini.

"Musharraf, acha. Huyo si yeye."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka, hata la kitambulisho hakulificha, naye Turgun akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani. Kisha Hosiyat akashuka stoo, akarudi na chungu, akakiweka miguuni pa mwenziwe.

Musharraf akakiinamia kijiti.

"Ulimlaza wapi?"

"Chumba cha wageni."

"Karibu na hita?"

"Ubavuni kabisa."

"Na maji?"

"Kila siku. Na chai."

Mabega ya Musharraf yakaanza kutikisika. Hosiyat alidhani ni kilio, akataka kumshika. Kumbe ni kicheko, kile cha kumkunja mtu mbavu.

"Mwenzangu! Hayohayo ndiyo niliyofanyiwa mimi Tashkent! Miezi mitatu nimewekwa ubavuni mwa hita. Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Mama kaa, mama kula, mama ongeza chai. Nikinyong'onyea, wanasema sijashiba, wananiongezea! Tazama miguu ilivyovimba. Na sikusema neno, maana wananipenda, utawaambia nini?" Akajifuta macho. "Wiki moja zaidi, na mimi ungeletewa kijiti."

Akachuchumaa, akakwangua shina kwa ukucha wake mwenyewe. Alipoiona ile kijani, hakucheka tena. Akaifunika kwa kidole gumba, taratibu.

"Yupo," akasema. "Tusimguse na maji mpaka mchanga ukauke. Atajiamkia mwenyewe."

"Umenisamehe?"

"Kwa kunipenda kupita kiasi? Nikianza na wewe, itabidi nimalizie kwa mwanangu."

Hosiyat akashusha pumzi, akainuka kwa furaha kwenda jikoni kuteleka birika. Musharraf akamdaka sketi.

"Shoga, nakuomba. Nipe kazi."

Wakashuka pamoja stoo kuupandisha mkomamanga.