Tumbo Lililogonga Meza

Verlene Stroud alikuwa na hakika kwamba mke wa mwanawe hana mimba. Hakumwambia mtu isipokuwa jirani yake Dortha, na Dortha hutunza siri vizuri sana mpaka Jumapili, ibada ikiisha na kahawa ikimiminwa.

Dalili zilikuwa wazi. Kwanza, Leanna alikuwa hakumbatiani tena. Oklahoma yao hii watu hukumbatiana wakikutana na wakiagana, na aliyesahau mwavuli akirudi kuuchukua hukumbatiwa upya. Leanna, tangu Mei, alikuwa akisimama upande na kutoa bega moja tu. Pili, kushikwa tumbo hataki, hata na mama mkwe wake. Tatu ni lile la jikoni.

"Aliinama kufikia sukari," Verlene alisimulia. "Tumbo likagusa ukingo wa meza. Likalia ko."

"Likalia?"

"Kama mtu anabisha hodi."

Dortha aliweka kikombe chini. "Shoga, mimi nimezaa watano. Hakuna hata mmoja aliyelia ko."

Si kwamba Verlene alikuwa na roho mbaya. Mimba mbili za Leanna zilikuwa zimetoka, na zote mbili Verlene alizililia kuliko alivyomlilia marehemu mumewe. Sasa alikuwa ameshona blanketi la viraka, miezi mitatu ya kazi, macho yakimuuma. Kama ndani ya ile blauzi kulikuwa na mto, basi hakuna mjukuu, na mwanawe Garrett, anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta wiki mbili nje na wiki moja nyumbani, angekuja kupasuka moyo. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Kwa hiyo alitega mtego. Siku ya bebi shawa, sherehe ya kumpa mama mtarajiwa zawadi, Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, aliuchagua yeye mwenyewe mchezo wa uzi. Kila mwanamke hukata uzi wa kufumia kwa kukisia unene wa tumbo, kisha mama anazungushiwa nyuzi zote, moja baada ya nyingine. Mto ungejulikana tu.

"Mimi mnisamehe," Leanna alisema, akikunja mikono juu ya tumbo. "Leo sipimwi."

"Hee, sote tulipimwa," Dortha akadakia. "Mimi nilikuwa kama tangi la maji, uzi ukaisha, wakamalizia na kamba ya mbuzi."

Wanawake wakacheka. Leanna hakucheka. Aliinuka polepole, akaenda jikoni mwa ukumbi, na Verlene akamfuata, uzi mkononi, akafunga mlango nyuma yake.

"Haya, mwanangu," alisema. "Tuko wawili. Nataka kulishika hilo tumbo."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali yako nimeila miezi miwili. Nimeshiba."

Akapeleka mikono bila kungoja ruhusa. Juu, chini kidogo ya matiti, vidole vyake vilikutana na kitu kigumu, na moyo ukamshuka. Lakini mkono wa pili ulikuwa umetua chini zaidi, kwenye joto, na kwenye lile joto kitu kikageuka na kumpiga teke kwenye kiganja.

"Yumo mtu," alisema.

"Ulidhani yumo nani?" Leanna aliuliza. Kisha akaipandisha blauzi.

Mkanda mpana wa mpira ulimzunguka chini ya matiti. Ndani yake, katika ala ngumu iliyofunika kifyatulio, ilikaa bastola ndogo, na chini ya mdomo wake palikunjwa kipande cha flaneli ya kitoto ili chuma kisichimbe ngozi.

"Kiunoni ilianza kunikwaruza Aprili," Leanna alisema. "Nikikaa kwenye gari, mkanda wa kiti unaisukuma mbavuni. Kwenye mkoba sitaki, watu wanaacha mikoba popote. Hapa angalau napumua. Ila yeye huyu haipendi. Anaipiga mateke usiku kucha."

Verlene alikaa juu ya kreti ya soda, akacheka mpaka machozi. Yeye, mwenye bastola mkobani tangu awe mjane! Yeye aliyemfundisha msichana huyu kulenga makopo nyuma ya ghala! Huku kwao wengi hubeba bastola chini ya nguo; mtu asiyetaka kukumbatiwa, jambo la kwanza kufikiria ni bastola. Yeye akafikiria mto.

"Sasa hilo la kunificha mimi?" alisema akijifuta. "Mimi ndiye ningekushonea kitu laini."

Leanna aliishusha blauzi. "Ungeniuliza ni kwa ajili ya nani."

"Basi nakuuliza."

Leanna aliutazama mlango uliofungwa.

"Clint."

Clint ni kitindamimba wa Verlene, na udhuru wake Verlene huwa nao mdomoni daima. "Ile Oktoba alipouvunja mlango wenu alikuwa amelewa. Na alikuja kuutengeneza."

"Alivunja, nikabadilisha kufuli. Baada ya hapo hakuvunja tena, Mama. Amekuja mara tatu, Garrett akiwa visimani. Natoka kuoga, namkuta amekaa jikoni kwangu. Mara ya mwisho alisema nyumba ya baba yao haitarithiwa na hiki nilichobeba." Alimtazama mama mkwe wake machoni. "Anaingia kwa ufunguo. Ufunguo wa akiba nilikupa wewe peke yako. Kila ukija nakuangalia usoni, nione kama unajua."

Verlene alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alimpa Clint ule ufunguo Machi, akawalishe mbwa, na hakuudai tena. Na asubuhi hii alikuwa amempigia simu aje achukue kitanda cha mtoto, akakiingize ndani ya nyumba ile.

Honi ya piki-apu ililia nje.

"Kaa humu," alisema. Akautia uzi mfukoni, akavaa mkoba wake begani, akatoka.

Clint alikuwa ameshashuka, mikono ameitandaza kama kawaida yake. "Mama yangu mzuri! Kitanda kiko wapi?"

"Nipe ufunguo wa nyumba ya kaka yako."

"Ufunguo gani tena?" Alicheka, akaja kumkumbatia.

Verlene alimpa bega moja. Mkoba aliubana upande wa pili, kiganja juu ya zipu, na hakukumbuka ni saa ngapi alikiweka hapo.

Kicheko cha Clint kilipungua kidogo kidogo.

"Mama," alisema, "mbona umesimama upande?"