Jino la Juu la Tumu

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema, msijisumbue kumtafuta.

Mwanangu Tumu aliota jino la juu kwanza. Kwetu Munje mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na wazee huamini kwamba nyumba inayomlea itazika mtu. Mke wangu Khamisa ndiye aliyelijua mwanzo, kwa kung'atwa akinyonyesha. Yeye alicheka. Mimi nikatoka mbio kutafuta wa kuniambia maana yake. Nikapata wawili, wa tatu akajileta mwenyewe. Tulikuwa tukingojea Uhuru, na kila mtu alikuwa na maana za kugawa.

Wakaketi barazani kwangu wakila mihogo yangu ya nazi.

Mjomba Mwero, kaka wa mama yake Khamisa, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kinango. Kwetu Wadigo neno la mjomba hushinda la baba. Akasema, "Mtoto aende nami leo. Kule yuko bibi mmoja, hana mume wala mwana. Atamlea, kwa kuwa hana wa kufiwa naye."

"Astaghfirullah!" akasema Maalim Suleiman, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. "Jino ni jino. Mwenye kuhuisha na kufisha ni Mungu."

"Alhamdulillahi," nikashusha pumzi.

"Ila mbadilishe jina, nami nitamwandikia kombe, aya za sahanini zioshwe kwa maji anywe."

"Kama jino ni jino, kombe la nini?" mjomba akauliza.

"La tahadhari."

"Tahadhari ya nini, Maalim?"

Maalim akajitia kutafuna muhogo.

Jefwa, kijana wa chama, akapiga makofi. "Wazee, mwaogopa baraka! Sisi sote tulianzia chini, huyu ameanzia juu. Ni mtoto wa Uhuru! Kesho nampandisha jukwaani Msambweni, watu wamwone."

"Na akimng'ata mgombea wenu?" nikamtania. Hakucheka.

Taabu yangu ilikuwa hii. Mwongo si kazi kumjua. Nimetapeliwa na wengi mpaka nikaijua harufu yao. Lakini hawa watatu walikuwa wakweli. Mjomba alimzika nduguye aliyefia katika nyumba iliyomficha kigego. Maalim hakuwahi kutuomba hata kuku. Jefwa alilala jela kwa ajili ya maneno yake. Kila mmoja aliposema nilimwamini kabisa, mpaka mwenziwe alipofungua kinywa. Moyo wangu ulikuwa kama mlango wa banda la kuku: anayeusukuma ndiye unayemfuata.

Mwishowe nikaufuata woga, maana ndio uliosukuma kwa nguvu. Nikaingia ndani, nikafunga nguo za Tumu katika kanga, nikatoka na furushi.

Khamisa alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Furushi la nani hilo, baba Tumu?"

"Mjomba amesema..."

"Nimemsikia. Maalim nimemsikia, na huyu wa chama pia." Akapiga goti mbele ya mjomba kwa adabu. "Mjomba, akiugua huko Kinango, utakesha naye wewe?"

"Bibi yuko."

"Maalim, na hilo kombe likimvuruga tumbo?"

"Mungu atajalia, binti yangu."

"Nawe Jefwa, jua la jukwaani likimtia homa?"

Nikangojea kuulizwa mimi. Hakuniuliza, alilitazama furushi tu, nikaliona zito.

Mjomba akasimama, akagonga bakora sakafuni. "Mbishi wewe! Mimi huniamini, Maalim humwamini, mumeo humwamini. Haya, unamwamini nani?"

Khamisa akamhamishia Tumu bega la pili.

"Namwamini atakayelia pamoja nami siku mtakapokuwa mmekosea, mjomba. Na hapa barazani simuoni ila huyu mwenye jino moja."