Njiwa Waliolala Chali

...njooni basi, sogeeni karibu, mama yangu na wewe Inoke mume wangu na wengine wote mnaosema kichwani mwangu, jipangeni hapa kando ya kitanda, lakini kimya, nawaombeni sana kimya, leo hakuna kuimba wala kubishana, daktari amesema nisiongee, nisitikise kichwa, nisikohoe bila kumpa ishara, na nyinyi mkinichekesha jicho litaharibikia mikononi mwake na lawama zitakuwa zenu, haya, tulieni... kitambaa hiki walichonifunika usoni kinanuka dawa, wameacha tundu la jicho moja tu, na ule mwanga wa juu, jamani, si taa tena, ni kitu kama maziwa kinaogelea, mara waridi, mara buluu, maji ya baridi yananichuruzikia hadi sikioni, na Losaline, mtoto wa jirani niliyemfuta kamasi miye, leo ni muuguzi, amenishika mkono, "Bibi, ukitaka kukohoa nibinye," sitaki kukohoa, mwanangu, nataka kuuliza, na kuuliza ndiko nilikokatazwa... ganzi ni kitu kizuri lakini, ile sindano ya pembeni ya jicho niliiogopa kuliko uzazi, kumbe si kitu, wala zile za miezi iliyopita hazikuniua, zile walizonichoma kwenye jicho lenyewe ili uvimbe wa nyuma utulie, maana jicho langu lina magonjwa mawili kama nyumba yenye wake wawili, daktari Naivalu alinieleza taratibu, yeye ni Mfiji lakini Kitonga chetu cha visiwani anakisema, anakivutavuta tu kama shuka mbichi, "Mama Toakase, mbele una mtoto wa jicho, ukungu huo nitautoa. Nyuma una makovu ya kisukari, hayo siwezi kuyatoa, na ukungu umeziba hata mimi siyaoni vizuri. Nikishafungua dirisha ndipo tutajua chumbani kumebaki nini"... kumebaki nini, ndilo neno nililolala nalo na kuamka nalo, na sihitaji mengi, Mungu ananijua, sihitaji kusoma, sikusoma hata macho yalipokuwa mazima, nataka mstari mweusi tu, basi, mstari, ngatu, nguo ya magome ya harusi ya Ungatea mjukuu wangu, iko nyumbani imekunjwa, magome tumeyapondaponda mpaka yakawa laini kama sikio la mtoto, tumeyagundisha, tumeyasugua rangi ya kahawia, imebaki mistari myeusi ya mwisho, ile inayoyapa maua sura, na miye nilisimama mbele ya wanawake wote nikasema hakuna mkono utakaoigusa ngatu hii mpaka jicho langu lifunguliwe, mistari ya mjukuu wangu naipiga mwenyewe, nilisema kwa mdomo wangu huu, na harusi ndiyo hiyo mlangoni, basi jicho likigoma bibi harusi atakanyaga nguo aliyotandikiwa isiyo na mistari, kama mtu aliyetoka nyumbani amevaa nusu... mashine inaguna, inaguna kama nguruwe aliyeshiba, "Vizuri, mama, unafanya vizuri," asante, sifanyi kitu, nimelala tu... kulala huku kungekuwa kumekwisha zamani, mara ya kwanza walinirudisha mlangoni, sukari ilikuwa imepanda juu ya paa, daktari akauliza, "Mama, jana ulikula nini?" nikasema majani ya magimbi kidogo, na wifi yangu Seluvaia pale kwenye benchi akaona nafasi yake, "Kidogo? Na nyama ya kopo ndani yake, na tui, na sharubati ya tikiti, na keki ya mchungaji! Daktari, mama huyu alikula mpaka mchungaji akafupisha sala ili aiokoe sahani yake," daktari akacheka lakini hakunipasua, akasema jicho lenye sukari nyingi halifunguliwi, nenda ukajitawale urudi, na mimi nilikuwa nimesema kidogo kwa moyo safi, karamu ya kanisa kukataa chakula ni kumtukana aliyekibeba, hivyo unaonja hapa, unaonja pale, kuonja kwetu kumemzika Inoke... usinikunjie uso, Inoke, ni kweli, wewe walipokukata mguu ulisema mguu umetangulia mbinguni kukushikia kiti, wodi nzima ikacheka, miye nikalia chooni, sawa, sawa, leo hatulii, nimekula mihogo ya kuchemsha na samaki wa kuchemsha mpaka nimejisikia nimechemshwa, sukari imeshuka, nipo hapa... sauti gani ile nje, ni yeye, ni Seluvaia, ukuta hauwezi kumzuia, "Kwani mnalitoa jicho au mnamshonea jipya? Mbona hammalizi?" na mlinzi anamwomba, "Mama, tafadhali, upasuaji unaendelea," "Naujua unaendelea, ndiyo nauliza!"... hamumwezi, mwanangu, dada wa mume kwetu anakaa juu ya kichwa chako mpaka kaburini, mkeka mzuri ni wake, kipande cha nyama kizuri ni chake, na ukweli mbaya nao kuusema ni haki yake, ndiyo maana jana ni yeye aliyekuja akakaa akanyoosha miguu akasema, "Toakase, kesho kutwa wakikufungua hilo jicho, usianzie kanisani." "Kwa nini?" "Utawaona njiwa wako." "Njiwa wangu wana nini?" "Wamelala chali"... chali! ngatu ile ya kanisa, ile ya mbele ya mimbari, miye ndiye niliyezifunga sahani za mapambo juu ya ubao, zile zenye michoro inayojitokeza nguo ikisuguliwa rangi juu yake, miye mkubwa wa ubao, nilizifunga kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yameanza ukungu na sikutaka mtu ajue, nikaona nimezipatia, kumbe njiwa wamegeuka miguu juu, wanawake wakaja na matambara yao ya rangi, wakakaa huku na huku, wakaona, na hakuna aliyefungua mdomo, aliyefunga ubao hasahihishwi na wadogo zake, wakasugua njiwa chali kutoka mwanzo wa nguo hadi mwisho, na wimbo juu, "Sijawahi kuwasikia wakiimba kwa nguvu vile," Seluvaia akasema, "walikuwa wanameza kicheko," na siku ya ufunguzi mgeni wa kutoka Auckland akamnong'oneza, "Mama, hawa njiwa wamekufa?" naye akamjibu, "Hawajafa, wamesinzia, hapa mahubiri ni marefu"... nilitaka kumpiga kwa mto, kisha nikataka kumlaumu Pisila, mke wa mwanangu, yeye alikaa ubavuni mwangu kabisa siku ile, goti kwa goti, angenigusa tu, angesema mama, hebu papasa tena, hakusema, na tangu jana sijamsemesha, leo asubuhi kaniletea chai nimeipokea bila hata asante... "Lensi," anasema daktari, "sasa naweka lensi mpya, mama, utasikia kama unasukumwa kidogo," nasikia, nasukumwa, mwanga umepasuka vipande vipande halafu umejikusanya, una ukingo, Mungu wangu, mwanga una ukingo, kitu cheusi chembamba kinapita mbele yake, sijui chombo, sijui kidole, chembamba kama mstari, kama brashi... brashi, subiri, mama yangu, nyamaza kwanza nifikiri, ile brashi yangu ya tunda la mkadi, mbona kila asubuhi nilipoichukua ilikuwa mbichi kabla sijaichovya, mwaka huu wote, nikasema ni unyevu wa mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha, na ile chai isiyo na sukari, kikombe cha Pisila, mbona kilinuka rangi, asubuhi zote hizo, kikombe kinanuka rangi nyeusi na miye nikimgombeza, "Pisila, mikono hunawi?" naye, "Nanawa, mama, haitoki"... haitoki, haiwezi kutoka, mwenyewe alikuwa anarudia mistari yangu! alfajiri nikiwa bado nimelala, anachuchumaa palepale, ananyoosha nilikopinda, anaziba nilikoruka, halafu jioni napitisha kidole juu ya rangi iliyokauka, naisikia imenyooka, imetuna sawasawa, nawaita majirani, nasema tazameni, macho yanakwenda lakini mkono wa Toakase haupotei, na wao, "Haupotei kabisa, bibi," wote, hata huyu Losaline anayenishika sasa alisema haupotei, wote walijua, na Pisila amesimama hapo na kitambaa cha kufutia, "Ni kweli mama, haupotei"... oh, msinichekeshe, Inoke, toka, toka nje, tumbo langu limeshaanza... "Mama?" "Bibi, unataka kukohoa?" "Tumbo linacheza, mama, tulia, usicheke sasa hivi, nipo ndani ya jicho," na kutoka nje, "Anacheka? Anacheka nini mwenzangu na miye sipo?" nauma ulimi, nafikiria mazishi, nafikiria mihogo ya kuchemsha, inasaidia, imetulia... hasira imekwenda wapi, sijui, nilikuwa nayo hapa mwanzoni, nimejilaza nayo, nilikuwa namwomba Mungu anirudishie mstari na mstari haukuwa umepotea, ulikuwa umehamia goti la pili, la Pisila, na ngatu ya Ungatea imekunjwa bure inasubiri jicho langu, wakati mkono wa kuimaliza uko nje pale umekaa karibu na Seluvaia na kikapu cha mihogo, umekatazwa kugusa, na mimi ndiye niliyekataza... sitangoja kufunguliwa bandeji, hapana, nikingoja nikaona, nitaing'ang'ania, najijua, na nikingoja nisione itakuwa nimempa kwa kukosa, na haistahili kupewa hivyo, nitasema mlangoni palepale wakinitoa na kitanda, jicho limefungwa, sijui bado kilichobaki chumbani, mama, wewe shahidi, Inoke, rudi, na wewe shahidi, sikilizeni nani amepata nini... brashi ya mkadi ni ya Pisila, pamoja na ngatu ya Ungatea na mistari yake yote, na mahali pangu pa kufunga ubao, aanze leo jioni, asinawe mikono, rungu la kupondea magome lililokuwa lako, mama, ni la Ungatea aende nalo kwa mumewe, likilia huko nijue yu mzima, keki yangu ya mchungaji, kila karamu, ni ya Losaline, alinidanganya vizuri, zile sahani za njiwa ni za Seluvaia, azitundike ukutani chali vilevile, azicheke mpaka azeeke, na mimi nimejiachia hili jicho, likiwa na mengi au machache, kazi yake ni moja, kukaa ubavuni mwa Pisila goti kwa goti kumtazama akipiga mstari, na likishindwa hata hilo nitaweka kidole rangi ikiwa mbichi, nichafuke, nijue amefika wapi... "Bado kidogo, mama, usisogee," anasema daktari, sisogei, daktari, sisogei...