Miguu ya Fundi Sentimita

Suruali za Fundi Sentimita zilikuwa zimepunguzwa kiuno mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na zote alizipunguza mwenyewe kwa cherehani yake, huku akipiga mluzi. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuwa mtu wa kukadiria. Ukimwambia ongeza kidogo hapa, atakuuliza sentimita ngapi. Ugonjwa wa kisukari nao aliuendea hivyo hivyo. Sukari kwenye chai aliipiga marufuku, sahani akaigawa nusu nzima iwe mboga, na kila alfajiri, kabla hajafungua chumba cha mbele anachoshonea, alitembea saa nzima, mvua inyeshe jua liwake. Kipimo cha sukari kikashuka kutoka kumi na saba hadi saba. Kitambi kikaaga. Wateja waliokuja kupimwa mabega waliondoka na mhadhara wa bure juu ya kunde na mchicha, wapende wasipende.

Ungemwona ungesema huyu kapona, na hapo ndipo palipokuwa na balaa, maana kuna jambo Fundi hakumwambia mtu. Miezi minane sasa alikuwa akitembea kama mtu anayekanyaga pamba. Ilianza kwenye vidole, ikaenda taratibu hadi kisigino, na sasa alivaa viatu kwa kuangalia, si kwa kuhisi.

Alinyamaza kwa sababu ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo alikwenda hospitali akataja ganzi, na miezi mitatu baadaye akarudi nyumbani na mguu mmoja. Basi kwa hesabu za Fundi, kilichomkata shemeji si ugonjwa, ni lile neno. Mtu mzima, ana akili zake timamu, lakini hofu ilikuwa imemwingia akashindwa kupiga hesabu ndogo. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Bila mguu angekuwa nani?

Siku ya kliniki muuguzi alimpongeza kwa sukari, akampongeza kwa uzito, kisha akatoa kijiti chenye kipande kifupi cha uzi wa nailoni.

"Lala hapo, baba, ufumbe macho. Nitakugusa nyayo na huu uzi. Ukisikia, sema ndiyo."

Fundi akafumba macho, akangoja. Hakusikia kitu. Kisha akasikia kiti. Muuguzi alikuwa amekalia kiti kibovu, na kila alipoinama kumgusa, kiti kililia kwii.

"Ndiyo," Fundi akasema.

Kwii.

"Ndiyo."

Mtu aliyesikiliza mlio wa cherehani miaka thelathini hawezi kushindwa na kiti. Alipatia mara zote kumi, mguu wa kulia na wa kushoto.

"Hongera, baba, miguu yako mizima kabisa," muuguzi akasema, akiandika. "Lakini usiache kuikagua kila jioni, na usitembee peku. Wenye ganzi tunawapa viatu vyao maalumu na tunawaona kila mwezi. Wakiwahi kusema, wengi miguu yao inabaki salama."

Fundi alifungua mdomo. Kilichotoka ni ahsante.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni na swali moja tu. "Miguu wamesemaje?"

"Mizima. Kumi kwa kumi."

"Hebu nizione nyayo."

"Mama watoto, muuguzi kasomea, wewe unataka kumsahihishia mtihani?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameosha kidonda cha kaka yake kwa wiki saba, na harufu yake hakuwa ameisahau. Lakini Fundi alishavua viatu, akapita zake kwenda kushona. Tangu ujana wake alishona peku, akidai kikanyagio kinataka ngozi. Siku hizi hakujua kama mguu wake unakanyaga mpaka aone gurudumu linazunguka, na hilo pia alilifanya siri.

Siku ya tatu alikuwa na gauni la bibi harusi. Alitandaza kitambaa cheupe sakafuni, chumba kizima, akapachika pini kwenye pindo, nyingine zikamponyoka zikatawanyika. Akaenda rafuni kuchukua uzi, akarudi. Akaenda kuchukua lesi, akarudi. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi kwenye cherehani akimalizia mikono ya gauni, akipiga mluzi, mkewe alipoingia na glasi ya maji. Mama watoto alisimama ghafla mlangoni.

"Usiinuke," alisema, kwa sauti ndogo.

Fundi akageuka. Juu ya kitambaa cheupe, kutoka kwenye rafu hadi kwenye cherehani, kulikuwa na nyayo za damu, kwenda na kurudi, vidole vyote vikionekana. Hasira zikampanda.

"Nani kakanyaga gauni la watu? Harusi ni Jumamosi! Nani anavuja damu humu ndani?"

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Mkewe aliweka glasi chini, akapiga magoti, akaingiza mikono chini ya cherehani.

"Simamisha mashine, baba watoto."

"Nimeuliza, nani kaumia?"

"Wewe."

"Mimi?" Fundi alikaribia kucheka. "Ningekuwa mimi, si ningesikia?"

Mkewe alikuwa ameupakata unyayo wake, anachomoa pini ya tatu, na Fundi alikuwa bado anamtazama usoni, akingoja ajibiwe.